Ulinzi, Usalama na Udongo wa Viatu: Uhakiki wa Istilahi za Ukaguzi Mpakani

Miongoni mwa istilahi zinazowasumbua wafasiri wetu ni zile zihusuzo ukaguzi wa vitu vilivyo hai, au vinavyobeba uhai, kwenye milango ya kuingilia nchi. Zamani jambo hili lilikuwa la mabwana shamba na mabwana mifugo peke yao. Leo linamfikia kila msafiri, na hasa yule apandaye milima. Buti zake, shanta lake, hema lake na fimbo yake vyaweza kuzuiwa kiwanjani, si kwa kuwa vinadaiwa ushuru, bali kwa kuwa vimebeba udongo wa nchi nyingine. Makusudi ya makala haya ni kuzipima istilahi za Kiswahili zitumikazo katika jambo hili, kuonyesha zinapopwaya, na kutoa mapendekezo.

Kipimo tutakachokitumia ni pwani ya Mbweni, kaskazini mwa Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni. Hapo mashua kutoka Unguja zimekuwa zikitia nanga na kushusha watu na mizigo, na mahali pa namna hiyo wananchi wamepaita bandari bubu. Hiyo ni istilahi njema kupita nyingi zilizotungwa maofisini: kwa maneno mawili tu inaeleza mahali pasipoulizwa swali wala kutolewa jibu. Tena tukumbuke kwamba kilimo si jambo la Muungano, na kila upande una sheria yake ya afya ya mimea. Hivyo mche wa mwembe uvukao bahari kuja Mbweni umetoka chini ya sheria moja na kuingia chini ya nyingine, ingawa haukutoka Tanzania. Istilahi ambayo afisa hawezi kuisema mbele ya nahodha wa mashua hapo Mbweni, akaeleweka mara moja, haijawa istilahi. Ni pambo la karatasi.

Yafaa kwanza tuonyeshe kwamba jambo lenyewe si la nchi za mbali. Mwaka 1998 ulipotimia chura mdogo wa Kihansi alikuwa amekwisha kujulikana kwa miaka miwili tu, tangu alipogunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Maji ya maporomoko yalipopunguzwa kwa ajili ya umeme, makao yake yalikauka. Kisha ukaonekana ukungu wa kitridi, ambao huenea kwa maji na tope bichi. Mwaka 2003 idadi yake iliporomoka, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia ni wale waliokuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na kizazi chao kilianza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Ndiyo maana aingiaye mahali kama pale hutakiwa kwanza kuviosha viatu vyake na kuvitia dawa. Huko Kilimanjaro nako, mtaalamu Andreas Hemp alichapisha mwaka 2008 utafiti juu ya mimea ya kigeni mlimani na athari za utalii, akaonyesha jinsi jani la Ulaya liitwalo kitaalamu Poa annua lilivyoenea kandokando ya njia za wapandaji. Jani hilo halina miguu. Linasafiri kwa miguu ya watu.

Nchi zilizotangulia kulitungia sheria jambo hili ni New Zealand, iliyopitisha sheria yake mwaka 1993, na Australia, ambayo mwaka 2015 ilipitisha sheria mpya mahali pa ile ya karantini ya mwaka 1908. Abiria aingiaye Australia amekuwa akiulizwa kwenye kadi yake kama ana udongo, au kitu chenye udongo, au kitu kilichotumika kwenye maji baridi, vikiwamo viatu na vifaa vya michezo. Huulizwa pia kama katika siku 30 zilizopita amefika shambani, porini, mtoni au ziwani. Katika New Zealand, anayeficha au kusahau kutaja kitu cha namna hiyo hutozwa faini papo hapo, na kwa miaka mingi faini hiyo imekuwa dola 400 za nchi hiyo. Sasa na tumfikirie kiongozi wa wapanda mlima kutoka Moshi, aliyealikwa ugenini, akiwa na buti zilizokwisha kupanda Kilimanjaro mara nyingi. Jibu lake kwenye kadi litategemea jinsi mfasiri alivyomwelewesha swali. Kosa la mfasiri hapa hulipiwa na msafiri.

Kosa la kwanza liko katika jina la vifaa vyenyewe. Mfasiri afuataye Kiingereza neno kwa neno huandika "vifaa vya nje". Lakini kwa Mtanzania kitu cha nje ni kitu kilichotoka ng'ambo. Sokoni Karume au Tandika muuzaji wa mitumba akisema buti hizi ni za nje, anazisifu kwamba zimetoka Ulaya au Marekani. Msafiri aliyenunua buti zake Arusha, akiulizwa kama ana vifaa vya nje, atajibu kwa moyo mweupe kwamba hana. Kiswahili hakina jumla ya namna hiyo, wala hakiihitaji. Yatosha kutaja vitu kwa majina: viatu, shanta, hema, fimbo, nyavu za kuvulia, vilivyotumika mlimani, porini, shambani au majini.

Kosa la pili liko katika neno "udongo" likiachwa peke yake, na katika mwenziwe, "safi". Msemaji wa Kiswahili hutenganisha udongo, tope, mchanga na vumbi. Aliyeshuka mlimani wakati wa kiangazi ana vumbi kwenye mifereji ya soli, na akiulizwa habari za udongo atasema hana. Na kiatu kilichopigwa brashi kikang'aa ni kiatu safi kwa macho yetu sote, hata kama mbegu zimejificha chini ya ulimi wake au ndani ya kamba. Kinachotafutwa na mkaguzi si uchafu, bali kilichonata. Hapo lugha yetu ina hazina isiyotumiwa. Liko gugu ambalo mbegu zake hushika nguo za mpita njia, nao wazee wakaliita kishona nguo. Gugu hilo lenyewe lina asili ya Amerika, na limezunguka dunia kwa njia ileile lililopewa jina. Mkulima asiyejua kusoma, akiambiwa kwamba mkaguzi anatafuta vishona nguo na wenzao, ameelewa somo zima ambalo waraka wa kurasa kumi haujalieleza.

Kosa la tatu ni kitenzi "kutangaza". Abiria huambiwa atangaze alivyo navyo. Kutangaza ni kupaza habari ifike kwa wengi, kama kutangaza ndoa au msiba. Hakuna atangazaye buti. Tena kwa mazoea ya forodhani, kutangaza kumehusishwa na mali ya kutozwa ushuru, na buti kuukuu hazina ushuru. Kitenzi kinachofaa ni "kutaja", ambacho ni kifupi, hakitishi, na kinamwomba mtu jambo moja tu: aseme jina la kitu. Hapa wakulima wetu wametupa mfano wenye uchungu. Nondo wa nyanya mwenye asili ya Amerika ya Kusini, aliyeripotiwa nchini mwaka 2014, walimpa jina la Kantangaze. Mdudu ambaye hakuna aliyemtaja mpakani amekuja kujitangaza mwenyewe shambani.

Tufike sasa kwenye istilahi kuu inayolibeba jambo lote. Inayopatikana mara nyingi ni "usalama wa kibiolojia". Istilahi hii ina kasoro tatu. Kwanza, inachanganya mambo mawili ambayo wataalamu huyatenga: matumizi salama ya bioteknolojia katika maabara na mashamba ya majaribio, na kazi ya kuzuia wadudu, magugu na maradhi yasiingie nchini. Pili, neno "usalama" likitamkwa na mtu mwenye sare kiwanjani huleta mawazo mengine kabisa. Msafiri akiambiwa kwamba watu wa usalama wanataka kuona viatu vyake, hatafikiri habari za mbegu. Tatu, na hii ndiyo kubwa, usalama ni hali, ilhali linalotajwa hapa ni kazi. Safari ni salama, mtu yu salama. Neno halisemi nani amefanya nini hata hali hiyo ikapatikana.

Kiswahili kinalo jina la kazi hiyo, nalo ni "ulinzi". Wala halikuazimwa jeshini. Kabla ya kuwapo wizara yoyote, mkulima wa pwani alijenga dungu shambani akapanda juu yake kulinda mpunga na mtama, ndege na ngedere wasile. Kufukuza ndege katika nafaka kulikuwa hata na kitenzi chake chenyewe, kuamia, ambacho vijana wengi hawakijui tena. Hatupendekezi kukifufua kwa kazi hii; twakitaja ili ionekane kwamba wazo la kulinda mazao na viumbe dhidi ya viumbe wengine ni la zamani katika lugha yetu. Istilahi "ulinzi wa viumbe" inasimama juu ya msingi huo. Inazaa walinzi, kulinda, kulindwa. Haigongani na "uhifadhi", kwa kuwa kuhifadhi ni kutunza kilichomo ndani, na kulinda ni kusimama mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba ni afadhali kukopa na kuandika "bayosekyuriti", maadam istilahi ni ya kimataifa. Kukopa si aibu. Forodha, pasipoti na karantini yote yamekopwa, nayo yanatumika bila taabu. Lakini maneno hayo yaliingia pamoja na kitu kinachoonekana: jengo, kitabu, kisiwa. Mwananchi wa Unguja aliielewa karantini kwa kuwa kituo chake kilionekana Changuu. "Bayosekyuriti" haina jengo wala umbo, haizai kitenzi, na itabidi ifafanuliwe kila itajwapo. Nayo "karantini" ibakie kazini mwake, yaani kutengwa kwa muda kwa mtu, mnyama au mmea unaoshukiwa. Buti zilizochukuliwa kuoshwa na kurudishwa baada ya robo saa hazikuwekwa karantini, zimesafishwa.

Neno jingine linalotaka uangalifu ni "vamizi". Limekubalika, na viwavijeshi vamizi, walioingia Afrika mwaka 2016 na kuonekana nchini mwaka uliofuata, wamelieneza hadi vijijini. Hatuna ugomvi nalo. Lakini waandishi wengine wameanza kuita kila kiumbe cha kigeni kuwa ni vamizi, na hilo si sahihi. Mahindi, muhogo na mikorosho vyote vilikuja kutoka Amerika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mahindi yalipewa jembe yakalima. Gugu karoti, lililoonekana Arusha mwaka 2010, limekataa jembe na kuteka malisho. Kila vamizi ni mgeni, ila si kila mgeni ni vamizi, na mkaguzi asiyetenganisha haya mawili hataeleweka na mkulima, ambaye riziki yake yote inatokana na wageni wa kale. Mfano wa dumuzi watufundisha vivyo hivyo. Mdudu huyo wa mahindi ghalani alionekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye wakulima wengine walimwita Skania, kwa jina la lori kubwa. Wananchi hawakungoja kamati. Walihitaji jina siku ileile alipotokea.

Kwa hiyo twapendekeza haya:

1. Kazi yote ya kuzuia viumbe waharibifu wasiingie nchini iitwe "ulinzi wa viumbe", na "usalama" uachiwe maabara na bioteknolojia.
2. Msafiri atakiwe "kutaja", wala si "kutangaza", vitu alivyo navyo.
3. "Vifaa vya nje" iachwe kabisa, na mahali pake vitajwe vitu kwa majina.
4. Maswali yahusuyo udongo yataje pia tope, vumbi, mbegu na majani, na yaulize habari za kilichonata, si za usafi.
5. "Mgeni" na "vamizi" yatumiwe kama istilahi mbili tofauti.

Kwa kufuata mapendekezo hayo, swali la kadi laweza kuandikwa hivi: "Je, viatu, shanta, hema au fimbo ulivyo navyo vimetumika mlimani, porini, shambani au majini? Taja kila kimoja, hata kama umekwisha kukisafisha. Tazama soli, kamba na mifuko: je, pamenata udongo, tope, vumbi, mbegu au majani?" Swali hili ni refu kuliko la Kiingereza, na wapo watakaolilaumu kwa hilo. Lakini laweza kusomwa kwa sauti na kuulizwa kwa mdomo bila karatasi, nalo halimwachii msafiri mwanya wa kukosea kwa sababu ya lugha.

Twawaomba walimu walijaribu darasani, maafisa walijaribu vituoni, na wafasiri watuandikie penye kasoro. Kabla ya lolote, na lipelekwe Mbweni, likaulizwe mbele ya mashua iliyoshusha miche, na mbele ya kijana ashukaye na buti za mitumba begani. Wakijibu bila kuuliza swali lina maana gani, Baraza laweza kuisanifisha istilahi bila hofu.