Sikio la Fundi wa Pedi

Kabla hajashika bisibisi, fundi huiweka pedi ya gemu sikioni akaitikisa. Kama kuna skrubu iliyochomoka au kipande cha plastiki kinachotangatanga ndani, mlio utamwambia. Halafu hukizungusha kijiti cha kushoto polepole, kichwa kimeinama, kidole gumba kikitafuta mahali panapokwaruza. "Hii imelika," husema. Au, "Hii ni waya." Ndipo huifungua, na kila nilipokuwapo tumekuta ndani kile alichokitaja.

Kibanda chake kipo Msamala, hapa Songea. Kina meza moja, mita, pasi ya kulehemu, chupa ya spiriti, pamba, na kopo la dawa ya viatu lililojaa skrubu alizozitenga kwa urefu. Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka milima ya Matogoro, watoto huja wameficha viganja ndani ya sweta, naye hushika kikombe cha chai kwa mikono miwili mpaka vidole vilegee, maana kidole kilichokufa ganzi hakiwezi kuisikia skrubu ndogo. Mimi ni mchezaji wa gemu kwa zaidi ya miaka 20. Nina maneno mengi juu ya mashine zinazotoka siku hizi, na karibu yote nimeyapata nikiwa nimekaa kwenye benchi la huyu bwana.

Nilianza na PlayStation 2, kama wengi wa rika langu. Ilitoka Japani Machi 2000, Sony ikaacha kuitengeneza mwaka 2013, na hadi leo hakuna mashine ya gemu ya sebuleni iliyouzwa kuishinda: zimepita milioni 155. Lakini hesabu hiyo ni ya mashine, haihesabu mikono. Kwetu PS2 moja iliwekwa kwenye banda la gemu mbele ya televisheni ya chogo, na sheria ilikuwa moja tu: anayefungwa anaachia pedi. Pedi iliyobuniwa kwa ajili ya mtoto mmoja chumbani kwake ilipita mikononi mwa mtaa mzima tangu asubuhi hadi usiku. Ilidondoshwa. Ilivutwa waya kila goli lilipoingia dakika ya 90. Aliyeifanya idumu ni fundi.

Nieleze kazi moja tu, maana ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Ukiifungua pedi ya zamani ya PlayStation utakuta chini ya vitufe utepe mwembamba wa plastiki uliochapwa njia za umeme. Mahali utepe huo unapokutana na bodi, katika baadhi ya matoleo, haujalehemiwa. Umekandamizwa tu na kipande cha sponji. Miaka ikipita sponji hunywea, utepe hulegea, na kitufe kinakuwa kiziwi. Unapiga shuti, mchezaji anasimama akiutazama mpira. Watu wengi wakifika hapo huitupa pedi. Fundi alijaribu sponji ya kuoshea vyombo, ikanywea upesi. Akajaribu karatasi iliyokunjwa, ikateleza. Mwishowe akaishia kwenye kandambili. Hukata kipande kwa wembe, chembamba kama ukucha, akakibonyeza kati ya vidole, akakipunguza tena. Kikiwa kinene pedi haifungiki vizuri. Kikiwa chembamba ugonjwa unarudi. Na kandambili mpya haifai, aliniambia. Anataka iliyokwisha kuvaliwa, ambayo mguu umekwisha kuishindilia, kwa sababu hiyo hainywei tena.

Sijui chuo kinachofundisha hilo. Hilo ni jambo la kukosea mara nyingi na kukumbuka kila kosa.

Alijifunza pia kwa moto. Kabla Songea haijaunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, mji ulitegemea majenereta ya dizeli, na umeme uliorudi kwa kishindo baada ya kukatika ulikuwa na tabia ya kuondoka na pawa saplai. Kulikuwa na janga jingine la kimyakimya: PS2 zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinataka volti 100, na soketi zetu zinatoa 230. Mtu ananunua mashine safi, anaichomeka, inanuka, imekwisha. Ndiyo maana mpaka leo mashine yoyote ikiingia kibandani kwake huigeuza kwanza asome kibandiko cha nyuma, kisha hubandika plasta kwenye waya na kuandika volti kwa kalamu ya wino mzito.

Asubuhi moja aliingia bibi mmoja, pedi ameifunga ndani ya kitenge kama mayai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajala tangu jana. Anasema hiki kidude kimekufa."

Fundi akaitikisa, akaukunja waya pale unapoingilia shingoni, huku amegusisha mita. Mita ikalia, ikanyamaza, ikalia. "Hakijafa, bibi. Kina usingizi tu." Akakata kipande kibovu, akaunganisha nyuzi moja baada ya nyingine kwa rangi zake, na kabla ya kufunga akapiga fundo la waya kwa ndani ili siku mtoto akivuta tena, fundo libebe uzito badala ya risasi. Fundo lile hakuombwa. Bibi hakuliona.

Mashine za sasa zimemletea fundi ugonjwa ulioenea dunia nzima: kijiti kinachojiendesha. Umeweka pedi mezani, na mchezaji wako anatembea mwenyewe kuelekea kushoto. Sababu ni rahisi kuieleza. Ndani ya kijiti kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoisugua kila unapokisogeza. Kaboni ikilika, pedi inadhani bado unasukuma. Dawa imejulikana zamani. Edwin Hall aligundua mwaka 1879 namna sumaku inavyobadili mkondo wa umeme, na Sega walitumia sumaku kwenye pedi za Dreamcast mwaka 1998. Sumaku haigusani na kitu, kwa hiyo hakuna cha kulika. Hata hivyo Nintendo, baada ya miaka ya malalamiko juu ya vijiti vya mashine yao ya Switch, kabla ya kutoa Switch 2 Juni 2025 walisema wazi kwamba vijiti vyake havitumii njia hiyo. Hilo silikubali. Mtu aliyeitoa mashine kwa dola 450 alitakiwa aweke ndani kitu bora kinachojulikana.

Fundi halalamiki. Anaagiza vijiti vya sumaku Kariakoo, vinakuja na basi, anakaa chini. Kijiti kimoja cha pedi ya PS5 kimeshikwa na bodi kwa pointi 14 za risasi. Lazima azilainishe zote kijiti kitoke, na moto ukizidi kidogo njia ya shaba inabanduka kwenye bodi, pedi inakuwa takataka kweli. Nimemwona akiacha kupumua katika pointi ya mwisho.

Akimaliza, anaijaribu kwa Astro's Playroom, gemu ndogo inayokuja bure ndani ya kila PS5 tangu 2020. Hapo ndipo nilipoielewa gemu ile. Waliiunda ili pedi yenyewe isikike mkononi: mchanga una mkwaruzo wake, mvua ina matone yake, na unapovuta kitufe cha nyuma kukaza springi kinakukazia kweli. Kilichokufa ndani ya pedi hakiwezi kujificha mbele yake. Na katika viwanja vyake mtu anaokota mabaki ya mashine za zamani, PS2 ikiwamo. Siku fundi alipoiona ile PS2 kwenye kioo aliweka pedi chini akaitazama kimya, kama mtu aliyekuta picha ya shule yake gazetini. Team Asobi waliotengeneza hiyo ndio waliotoa Astro Bot mwaka 2024, na tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards ilikwenda kwao. Walistahili. Ni watu wanaojua kwamba gemu huanzia kwenye vidole.

Gemu nyingine ya mwaka huohuo ninayoiweka moyoni ni Tales of Kenzera: ZAU, ya Surgent Studios inayoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Aliiandika akiomboleza baba yake. Kijana Zau anamtaka Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie babaye. Unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Tuliiwasha kibandani jioni moja, na watoto waliokuja kuchukua pedi zao hawakuondoka. Wamezoea kusoma amri za Kiingereza kwa kukisia, na sasa televisheni ilikuwa inasema nao. Kuna mapigano ndani yake yanayojirudia, nalikiri hilo. Lakini sijawahi kusikia banda la gemu likinyamaza namna ile.

Gemu za mpira sina la kuzisifia sana. Konami waliliacha jina la PES mwaka 2021, EA wakaliacha la FIFA mwaka 2023, na vijana wa Msamala bado wanarudi kwenye PES 2013 kwa sababu mpira wake una uzito.

Kinachoniumiza kipo pengine. Novemba 2024 Sony walitoa PS5 Pro kwa dola 700 bila sehemu ya diski. Ukiitaka, unainunua kando. Baadhi ya kadi za Switch 2 hazina gemu ndani, zina ruhusa tu ya kuipakua. Huku kwetu diski moja huzunguka kwa majirani, ikakopeshwa, ikauzwa, ikarudi, na gemu ya gigabaiti 100 kwa bando la simu ni mshahara wa mtu. Diski ikichafuka fundi anaifuta kwa pamba, kutoka katikati kwenda ukingoni, haizungushi kamwe. Kitu ambacho hakina diski wala skrubu, hata sikio lake halitakifikia.

Pedi niliyoanzia nayo ipo, ile yenye kandambili tumboni. Inapiga shuti.

Basi wewe mwenye pedi iliyokufa uvunguni, usiitupe. Itafutie fundi wa mtaani kwako, mpe nafasi aitikise, na akikutajia bei, mlipe yote.