Mzigo wa Kwenda na Mzigo wa Kurudi: Uchambuzi wa Biashara ya Allidina Visram

Katika masimulizi ya matajiri walioanza mikono mitupu, wasikilizaji aghalabu hupendezwa na mambo mawili, ufukara wa mwanzo na utajiri wa mwisho, na kilichomo baina ya hayo mawili, yaani hesabu, hupitwa mbio kana kwamba bahati ndiyo iliyofanya kazi na mtu alikuwa amelala. Hayo yamempata Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch katika Bara Hindi mwaka 1851, aliyefika pwani yetu mwaka 1863 akiwa mtoto wa miaka 12, na akafariki mwaka 1916, biashara yake ikiwa na matawi zaidi ya 30 tangu bahari mpaka nchi za Maziwa Makuu. Wapo waliompa lakabu ya mfalme wa Uganda asiye na taji. Lakabu ni pambo. Kinachostahili kuchunguzwa ni ufundi ulioistahilisha.

Chuo chake cha kwanza kilikuwa Bagamoyo, katika utumishi wa Sewa Haji Paroo, tajiri ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa misafara ya bara: kuwakusanya wapagazi, kufungasha marikani, kaniki, shanga na waya, na kuwakopesha mali wafanya biashara waliokwenda kutafuta pembe za ndovu. Mwenye kukaa katika bohari ya namna ile hujifunza upesi kwamba gharama ya bidhaa bara haitokani sana na bei yake forodhani, bali hutokana na bega la mwanadamu. Mpagazi mmoja alichukua yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ilikuwa safari ya miezi mitatu au zaidi, na njia nzima alikuwa hana budi kula na kulipwa ujira. Frasila mbili za ufuta zisingeweza kulipa gharama hiyo hata kidogo. Frasila mbili za pembe ziliilipa na kubakiza faida. Kwa hiyo biashara yote ya bara ilisimama juu ya swali moja: mpagazi aliyekwenda na nguo atarudi na nini? Anayerudi mikono mitupu amemla tajiri wake, na anayerudi na pembe amemtajirisha. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alikuwa kitambo keshaanza kujitegemea, ana misafara yake na maduka yake katika njia ya Ujiji, na swali hilo alikuwa amelihifadhi moyoni.

Ndipo ilipokuja reli. Waingereza walianza kuitandika Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu, kando ya Ziwa Nyanza, mwishoni mwa mwaka 1901. Kwa mtu aliyeishi kwa wapagazi, habari hiyo ingeweza kuwa habari ya msiba, maana gari moja la moshi lilibeba mitumba iliyohitaji mamia ya watu. Allidina aliipima kwa swali lake la zamani, akaona kwamba bega likisha kuondolewa katika hesabu, vitu ambavyo jana havikustahili kubebwa, ngozi, ufuta, karanga, nta, pilipili na baadaye pamba, leo vimekuwa mali, na kwamba mkulima wa kawaida, ambaye mwenye pembe hakuwa na shughuli naye, atakuwa muuzaji na mnunuzi pia. Akauhamishia uzito wa biashara yake Mombasa, akafungua maduka katika vituo vya njiani kadiri mataruma yalivyosonga mbele. Wahindi yapata 32,000 walikuwa wameletwa kuijenga reli hiyo. Watu hao walihitaji mchele, unga, dengu na samli mahali pasipokuwa na soko, na yeye akawa miongoni mwa waliowauzia. Kwa njia hii gharama ya kufungua duka katika nchi mpya ililipwa na wajenzi, na walipoondoka, duka lilibaki pamoja na njia iliyokwisha kujengwa.

Na tulitazame duka lenyewe kwa karibu, kwa kuwa humo ndimo ilimokuwa siri yote. Chukua duka lake katika Uganda baada ya Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, uliomlazimisha kila mwenye nyumba kulipa kodi ya rupia tatu kwa mwaka. Mkulima huingia na ngozi ya ng'ombe au kikapu cha ufuta. Karani huweka mizani, hupima, hutaja bei, na humhesabia rupia. Rupia chache mkulima huzifunga pembeni mwa nguo kwa ajili ya kodi. Zilizosalia huzirudisha juu ya meza ile ile na kuondoka na chumvi, kiberiti, na mikono kadhaa ya marikani. Duka limefanya biashara mbili kwa mteja mmoja, limepata faida ya kununua na faida ya kuuza, na isipokuwa zile za kodi, sarafu hazikuvuka kizingiti. Ngozi na ufuta vitateremka ziwani kwa jahazi mpaka Kisumu, vitapanda gari la moshi mpaka Mombasa, na gari hilo litarudi na marikani. Insafu yatupasa kusema pia kwamba mkulima aliyekuwa hana soko jingine la karibu alikuwa mnyonge mbele ya mizani hiyo, kwa kuwa mwenye kupima ndiye mwenye kutaja bei, na ndiye tena mwenye kuuza chumvi.

Jambo la pili katika ufundi wake lilihusu fedha taslimu. Benki haikufungua mlango Uganda mpaka mwaka 1906, ilhali wakuu wa serikali na wa reli walihitaji rupia huko bara za kulipa mishahara. Kuzisafirisha kutoka pwani kulikuwa na hatari na gharama. Allidina alikuwa nazo tayari katika masanduku ya maduka yake. Akawapa rupia bara, akapokea hawala ya kulipwa pwani, na pwani ndiko alikohitaji fedha za kununulia bidhaa mpya. Ni mzigo wa kwenda na mzigo wa kurudi tena, isipokuwa safari hii mzigo ulikuwa karatasi.

La tatu ni watu. Duka lililoko mwendo wa siku nyingi haliwezi kusimamiwa kwa jicho la tajiri, kwa hiyo aliwaleta vijana kutoka Kutch na Gujarat, wengi wao wa jamaa na madhehebu yake ya Ismailia, akawaweka makarani, na waliothibitisha uaminifu wao akawapa mali kauli, yaani bidhaa za kulipwa baadaye, wafungue maduka yao wenyewe. Mtu aliyekopa kwake alinunua kwake na kumuuzia mazao, basi hata mshindani mdogo alikuwa mteja. Na faida ilipozidi haja ya maduka, akaitia katika kuyageuza mazao kabla hayajasafiri: mitambo ya kukamua mafuta Kisumu na pwani, kiwanda cha sabuni Mombasa, mashine za kuchambua pamba, na mashamba ya mpira na miwa.

Lakini mchambuzi asiyetaja ufa si mchambuzi. Nyuzi zote hizo, za wadai wa Mombasa, makarani wa bara, wadeni wa vijijini na wakuu wa serikali, zilifungwa katika kidole cha mtu mmoja. Waliomkopesha walikopesha jina lake, na waliomwogopa waliogopa macho yake. Alipofariki, mwanawe Abdulrasul alirithi majengo, madaftari na madeni. Imani ya watu haikuwamo katika mirathi. Ikafuata miaka migumu kwa kila mfanya biashara: bei za mazao zikaanguka baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na katika miaka ya 1920 na 1921 rupia ikaondolewa, hatimaye shilingi ikashika mahali pake. Abdulrasul, aliyetoa mali kujenga shule ya Mombasa iitwayo kwa jina la baba yake, naye akafariki mwaka 1923, na katika muongo huo huo biashara ikaporomoka.

Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Kisa hiki chatufunza kwamba hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa uwezo wa kukopa, kuamua na kuaminiwa hauna mwingine wa kuushika. Basi wewe uliye na duka moja leo na unatamani la pili, iga kwake hesabu ya mzigo wa kurudi, kwani haijachakaa. Lakini mfundishe mrithi wako kukopa na kulipa kwa jina lake mwenyewe ungali hai, wadai wamjue na makarani wamtii, kwa sababu hilo ndilo ambalo Allidina Visram, pamoja na akili yake yote, hakuliacha nyuma.