Seva za Kale Ziende Wapi?

Sisi wapenzi wa vitabu tuna bahati moja ambayo huwa tunaisahau. Mwandishi akitoa toleo jipya la riwaya yake, lile la zamani halitoweki kwenye rafu. Limejaa vumbi, sawa, lakini lipo. Wenzetu wa gemu za mtandaoni hawana bahati hiyo. World of Warcraft ilitoka Novemba 2004. Desemba 2010 likaja toleo la Cataclysm, na ardhi yenyewe ikapasuka. Mbuga ya Barrens, ambako wachezaji wengi walianzia safari zao, ilikatwa vipande viwili na ufa wa moto. Kazi nyingi za zamani, pamoja na hadithi zake, zikafutwa. Na huwezi kusema "mimi nabaki na nakala yangu", maana nakala haikai kwako. Inakaa kwenye seva ya kampuni.

Ndiyo maana seva zisizo rasmi, zilizoendeshwa na mashabiki wenyewe, zilipata watu wengi hivyo. Maarufu kuliko zote, Nostalrius, ilifungwa Aprili 2016 baada ya mawakili wa Blizzard kuingilia kati. Mashabiki wakaandika ombi, sahihi zikapita 200,000. Agosti 2019 Blizzard ikafungua World of Warcraft Classic, gemu kama ilivyokuwa mwaka 2006. Watu wakafurahi. Halafu likaja swali ambalo furaha ilikuwa imelificha: tukishafika mwisho wa hadithi, tunaenda wapi?

Jibu la kwanza lilikuwa kurudia historia kwa mpangilio wake. Mapango yakafunguliwa kwa awamu, hadi Naxxramas mwishoni mwa 2020. Juni 2021 likaja The Burning Crusade, Septemba 2022 Wrath of the Lich King, na Mei 2024, jamani, Cataclysm yenyewe. Yaani abiria ameshuka kwenye basi kwa sababu hakupenda linakoelekea, akapanda jingine, kumbe njia ni ile ile.

Tuwe wakweli: hakuna aliyelazimishwa kupanda. Blizzard iliacha seva kadhaa zibaki palepale kwenye toleo la kwanza. Lakini aliyetaka mhusika wake awe pande zote mbili mwaka 2021 aliambiwa alipie dola 35, na bei ikashuka hadi 15 baada ya makelele. Sera hiyo ilionyesha nani alihesabiwa kuwa msafiri wa kawaida na nani alihesabiwa kuwa mzigo. Aliyebaki nyuma na mhusika wake mmoja aliwaona wenzake wakiondoka, na mji bila watu ni kuta tu.

Jibu la pili ni kugandisha: mwaka usogee, gemu isisogee. Mimi naliheshimu jibu hili kama ninavyoiheshimu maktaba. Ila lina kasoro ambayo msomaji yeyote wa fasihi ataitambua: maandishi hayakubadilika, msomaji amebadilika. Chukua mfano wa Ragnaros, jitu la moto ndani ya pango la Molten Core. Mara ya kwanza wachezaji walimwangusha Aprili 2005, miezi mitano baada ya gemu kutoka. Mwaka 2019 aliangushwa kabla wiki moja haijaisha. Jitu ni lile lile, moto ule ule. Kilichokosekana ni kutojua. Kitendawili ukishakitegua hukitegui tena, unakariri tu. Kwa hiyo aliyeganda anahifadhi mahali, hahifadhi mshangao wa kufika.

Jibu la tatu ndilo linalonivutia: seva ya kale ikue, lakini ikue kutoka kwenye mzizi wake, isifuate matawi yaliyokwisha kuota. Old School RuneScape imefanya hivyo tangu Februari 2013, ilipofufuliwa kutoka nakala ya akiba ya Agosti 2007. Leo ina nchi nzima ambazo gemu ya 2007 haikuwa nazo, kama Zeah na Varlamore, na bado ukiingia unajua uko nyumbani. Siri ni kura. Mabadiliko makubwa hupelekwa kwa wachezaji, na kwa miaka mingi yalihitaji asilimia 75 ya kura. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 70.

Kura nayo ina ubaya wake. Anayepiga ni aliyebaki, hivyo aliyechoka na kuondoka hana sauti. Tena theluthi moja ya watu inaweza kuwazuia wengine wote. Hata hivyo, naona kura inafanya jambo ambalo wahakiki tunalihangaikia siku zote: inawalazimisha watu waseme kwa uwazi ni nini hasa wanachokipenda ndani ya kazi. Ni ugumu? Ni ukimya wa njia ndefu? Ni majirani?

Blizzard nao walijaribu njia hii Novemba 2023 kwa Season of Discovery. Walisimamisha kila mtu kwenye leveli ya 25, wakachukua Blackfathom Deeps, pango la zamani la watu watano, wakaligeuza kuwa vita vya watu kumi. Hapo walipatia: kwa muda kidogo, mkongwe na mgeni walikuwa hawajui kwa pamoja. Walipokosea, kwa maoni yangu, ni kumwaga nguvu mpya juu ya wahusika hadi wanyama wa porini wakawa wepesi kama karatasi. Hatari ya njiani ilikuwa ndiyo mtindo wa gemu ile. Ukiiondoa, umebaki na ramani ya zamani na hadithi nyingine kabisa.

Basi msimamo wangu ni huu. Kila seva ya kale iwe na nakala moja isiyoguswa, na kubaki humo kusilipiwe zaidi ya kuondoka. Ukuaji uongeze vyumba, usibomoe vya zamani. Na wanaoishi humo waulizwe kabla ya fundi kuleta nyundo.

Kipimo changu ni kidogo tu. Mchezaji aliyeondoka mwaka 2006 akirudi leo, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea kijiji cha Crossroads, ajue njia. Akifika, akute kitu ambacho hakukijua. Na awepo mtu wa kumwuliza.