OpenSSL ilivyoupa ukarabati nafasi ya mbele

Kipengele kilichoiponza OpenSSL, mradi wa programu huria ya kulinda mawasiliano ya intaneti, kilihitajiwa na wachache. Kiliitwa Heartbeat, na kazi yake ilikuwa ndogo: kompyuta mbili zilizokwisha kufungua mawasiliano ya siri ziulizane mara kwa mara kama bado zipo hewani. Anayeuliza hutuma ujumbe mfupi na kutaja urefu wake; anayejibu huurudisha ulivyo. Msimbo wake uliingizwa kwenye mradi usiku wa tarehe 31 Desemba 2011, ukatoka rasmi katika toleo la 1.0.1 mwezi Machi 2012. Tarehe 7 Aprili 2014 dunia ikatangaziwa kosa lililokuwa ndani ya msimbo huo, lililopewa jina la Heartbleed.

Kosa lenyewe halina mafumbo. Programu iliuamini urefu uliotajwa na mwulizaji bila kuulinganisha na ukubwa halisi wa ujumbe uliopokelewa. Mtu angeweza kutuma herufi moja, akadai ametuma zaidi ya 60,000, na seva ikamrudishia herufi yake pamoja na chochote kilichokuwa jirani nayo kwenye kumbukumbu: nywila ya mtu mwingine, au hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Dawa ilikuwa mistari michache tu. Linganisha namba mbili. Urefu uliotajwa ukizidi ule halisi, utupe ujumbe bila kujibu.

Kosa la aina hii humpata mwandishi yeyote wa msimbo wa lugha ya C, kwa hiyo sioni faida ya kumwandama aliyeliandika. La kuchunguza ni kwa nini lilikaa miaka miwili bila kuonwa ndani ya programu iliyolinda sehemu kubwa ya intaneti. Steve Marquess, aliyeshughulikia fedha za mradi, alieleza baada ya tukio kwamba michango ya hiari ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka, na kwamba aliyefanya kazi ya mradi kwa muda wote alikuwa mtu mmoja, Stephen Henson. Fedha nyingine zilitoka kwenye mikataba.

Hapo kwenye mikataba ndipo penye jibu. Kampuni hulipia kinachokosekana kwake: kipengele fulani, cheti cha usalama kinachodaiwa na serikali, au programu ifanye kazi kwenye mashine zake. Ni nadra sana mteja kuja na fedha za kusoma upya msimbo ulioandikwa miaka kumi iliyopita. Wanaojitolea nao wana mvuto wao, maana kuandika kitu kipya kunampa mtu jina kuliko kupekua faili la mwenzake. Kwa hiyo hakuna kikao kilichoamua kwamba ukarabati usubiri. Ulisubiri kwa sababu kila aliyebisha hodi alikuja na jambo lake, naye wa kupokea alikuwa yuleyule mmoja.

Tarehe 30 Juni 2014 timu ilichapisha ramani ya kazi ambayo naiheshimu kwa ukweli wake. Waliorodhesha aibu zao wenyewe: tiketi za hitilafu zilizolala kwa miaka, maelezo pungufu, msimbo wenye mitindo tofauti usiosomeka kwa urahisi, kukosekana kwa utaratibu wa kukaguana, na kutokuwa na mpango wa matoleo. Kisha wakaweka sharti kwamba badiliko lolote lipitiwe na mwanatimu mwingine kabla ya kuingia. Mwanzoni mwa 2015 wakaupanga upya msimbo wote kwa mtindo mmoja, pamoja na matawi, yaani matoleo ya zamani, yaliyokuwa bado yanatunzwa, ili rekebisho liweze kuhamishwa kutoka tawi moja hadi jingine bila kuandikwa upya.

Ila hatua ninayoiona kubwa kuliko zote ni ile ya Desemba 2014, na haikugusa msimbo. Walitangaza kwamba matoleo ya 0.9.8 na 1.0.0 yataacha kutunzwa mwisho wa 2015, na 1.0.1 mwisho wa 2016. Kila tawi lililo hai ni kazi inayorudiwa: tundu moja la usalama likipatikana, huzibwa mara tatu au nne, na kila mara hujaribiwa upya. Sambamba na hilo wakakata shauri kwamba matoleo yenye herufi, kama 1.0.2a, yatabeba marekebisho tu, bila kipengele kipya hata kimoja. Msimamizi wa seva akapata kusakinisha rekebisho bila kuogopa kilichojificha ndani yake.

Watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD walipita njia nyingine. Waliichukua OpenSSL wakaanzisha tawi lao, LibreSSL, mwezi Aprili 2014 na katika wiki ya kwanza wakafuta mistari 90,000 hivi. Ni kazi safi, lakini wao waliweza kuiacha mifumo ya kale ambayo OpenSSL bado ilikuwa na watumiaji wake. OpenSSL ilipofika kwenye usafi mkubwa, katika toleo la 1.1.0 la Agosti 2016, programu nyingi zilizoitegemea zilivunjika, na mfumo endeshi wa Debian 9 ukalazimika kubeba matoleo mawili ya OpenSSL kwa pamoja. Hiyo ndiyo gharama ya ukarabati uliocheleweshwa, na sehemu kubwa ililipwa na watu wasiokuwamo kwenye mradi.

Vipengele vipya navyo havikufa. Kiwango kipya cha mawasiliano ya siri, TLS 1.3, kilipochapishwa Agosti 2018, OpenSSL 1.1.1 ilitoka nacho tarehe 11 Septemba mwaka huohuo, baada ya maandalizi marefu juu ya msimbo uliokwisha kusafishwa.

Ni kweli kwamba fedha zilisaidia. Mpango wa Core Infrastructure Initiative, ulioundwa na Linux Foundation baada ya Heartbleed, uliwalipa watengenezaji wawili wa OpenSSL wafanye kazi muda wote. Miradi mingi ya kujitolea haitapata bahati hiyo. Lakini tarehe ya kuacha kutunza toleo la zamani, na kanuni ya kutochanganya rekebisho na kipengele kipya, hazihitaji mfadhili. Mradi wenye watu wawili unaweza kuziandika leo kwenye faili la README.