Hukumu ya Nikabu ya 1996: Mahakama Ilipojivika Kilemba cha Mujtahidi

Katika hukumu zilizotolewa na mahakama za zama hizi juu ya mavazi ya wanafunzi wa Kiislamu, iliyo na uzito zaidi kwa mwanafunzi wa fiqhi haikutoka Paris wala London. Ilitoka Kairo. Tarehe 18 Mei 1996, Mahakama Kuu ya Katiba ya Misri ilimkatalia mzazi mmoja madai yake dhidi ya Waziri wa Elimu, na ikamkatalia kwa hoja zilizojengwa juu ya Usuli al-Fiqhi. Waliohukumu ni Waislamu, katiba waliyoisimamia inazitaja kanuni za Sharia kuwa ndiyo chimbuko kuu la sheria, na aliyeshitaki aliitegemea katiba hiyo hiyo. Kwa hiyo hatuwezi kuipita hukumu hii kwa kusema tu kwamba ni uadui wa makafiri, kama ilivyo ada yetu. Inabidi isomwe, na ijibiwe kwa elimu.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Mwaka 1994 Waziri wa Elimu wa Misri alitoa amri nambari 113, ikarekebishwa mwaka huo huo kwa amri nambari 208, kupanga sare za shule. Msichana aliruhusiwa kufunika nywele iwapo mlezi wake anaridhia au ana habari, lakini hakuruhusiwa kufunika uso. Baba mmoja, ambaye mabinti zake wawili walizuiwa kuingia shuleni kwa ajili ya nikabu, akaenda mahakama ya utawala, na swali la uhalali wa amri ile likapelekwa Mahakama Kuu ya Katiba. Hoja zake zilikuwa mbili: kwamba amri inakwenda kinyume cha Sharia, ambayo kifungu cha 2 cha Katiba, baada ya marekebisho ya 1980, kimeifanya chimbuko kuu la sheria, na kwamba inavunja uhuru wa mtu wa nafsi yake na wa itikadi yake.

Mahakama ilijibu kwa mpangilio ambao kila mwanafunzi aliyewahi kukaa mbele ya sheikh wa Usuli ataufahamu. Hukumu za Sharia, ikasema, ni za namna mbili. Ziko zilizo qat'i, zenye uthabiti na maana isiyobishaniwa, na hizo hazina nafasi ya ijtihadi. Ziko zilizo dhanni, na hizo ijtihadi yake iko wazi, tena hubadilika kwa zama na mahali. Aya za mavazi katika Suratun-Nur (24:31) na Suratul-Ahzab (33:59) hazikubainisha kwa uqat'i kwamba uso ni wa kufunikwa, na wanavyuoni wamekhitalifiana. Basi mwenye mamlaka, yaani waliyyul-amri, anayo haki ya kufanya ijtihadi na kuchagua linalofaa. Mahakama haikuishia hapo. Iliongeza kwamba maisha yanamlazimu mwanamke atoke na achanganyike na watu, na kwamba haiwaziki dunia imzunguke kwa harakati zake ilhali yeye anatakiwa awe kivuli kilichofunikwa nguo nyeusi.

Tuanze na lile ambalo mahakama ililisema sawasawa, maana insafu inatudai hivyo. Kweli kuna khitilafu. Hata sisi Mashafi wa mwambao, ambao Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H) ni kitabu chetu cha darasa, tunaikuta khitilafu hiyo ndani ya nyumba yetu. Katika mlango wa Sala, uso na viganja si katika aura ya mwanamke huru. Katika Kitabun-Nikah, Imamu huyo huyo anasema kumtazama uso mwanamke ajinabi ni haramu ikiogopwa fitna, na hata isipoogopwa kwa kauli iliyo sahihi. Je, kuharamishwa mwanamume kutazama kunamwajibisha mwanamke kufunika? Kadhi Iyadh (aliyefariki 544 H) alinukuu kwa wanavyuoni kwamba haimlazimu kufunika uso wake njiani, bali ni sunna kwake, na ni juu ya wanaume kuinamisha macho. Na Nawawi mwenyewe akaipokea kauli hiyo katika sharhe yake ya Sahihi Muslim. Anayesimama mimbarini leo na kusema kwamba nikabu ni wajibu kwa ijmai anawasingizia wanavyuoni wa madhehebu yake mwenyewe. Baba yule wa Misri alikuwa na kauli yenye mashiko, lakini alikuwa na kauli moja miongoni mwa kauli.

Hata hivyo, kutoka kwenye "wamekhitalifiana" hadi kufika kwenye "basi waziri anaweza kukataza" kuna bonde refu, na mahakama ililiruka kwa hatua moja. Waliosema uso si lazima kufunikwa hawakusema ni lazima kufunuliwa. Khitilafu yao ilikuwa baina ya wajibu na sunna, au baina ya wajibu na mubaha. Hakuna katika hao waliotegemewa aliyesema kwamba kufunika uso nje ya Sala na ihramu ni haramu. Ukilichukua jambo ambalo kundi moja linasema ni faradhi na kundi la pili linasema ni jema, ukatoa humo hukumu ya tatu kwamba likatazwe, hujachagua kauli katika kauli za wanavyuoni. Umezusha kauli mpya, kisha umeivalisha joho la khitilafu ya zamani.

Na hapa ndipo tunapoikosa zaidi sauti ya Imamu Shihabuddin al-Qarafi, Mmaliki aliyeishi na kufariki huko huko Misri mwaka 684 H. Katika kitabu chake al-Ihkam alipambanua baina ya fatwa, hukumu ya kadhi, na tasarufi ya mtawala. Hukumu ya hakimu huondoa khitilafu, naam, lakini si katika kila mlango. Huiondoa katika mambo ya watu kudaiana: mali, ndoa, mipaka ya mashamba. Katika ibada haiingii. Kadhi hawezi kuhukumu kwamba Sala ya fulani ni batili ikawa batili kwa sababu kahukumu. Anachoweza kutoa humo ni fatwa, na asiyeafikiana nayo haimfungi. Swali ambalo mahakama ilipaswa kulikabili uso kwa uso, basi, ni hili: stara ya mwanamke imo mlango gani? Majaji waliipeleka upande wa ada na desturi, zinazobadilika kwa zama. Lakini mafaqihi wanaizungumza katika masharti ya Sala na pia katika hukumu za kutazamana, na anayeivaa anaivaa kwa nia ya kumtii Mola wake. Ina upande wa ibada usiofutika kwa kalamu ya jaji. Tungetegemea angalau aya moja ya hukumu ikizungumzia hilo.

Lakini tusijifiche nyuma ya al-Qarafi tukadhani tumeshinda. Upo upande wa pili, na ni wa kutuumiza. Mashafi waliokuja baadaye, akiwamo Ibnu Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 H), walikabiliwa na kauli ya Imamul-Haramayn kwamba Waislamu wameafikiana kuwazuia wanawake kutoka nyuso wazi, na pembeni yake kauli ya Kadhi Iyadh tuliyoitaja. Wakazipatanisha hivi: kuwazuia si kwa sababu kufunika ni wajibu kwao kwa dhati yake, bali kwa sababu kuna maslahi ya umma, na mtawala anayo haki ya kuyalinda. Msomaji azingatie. Chombo kile kile ambacho waziri alikitumia kuvua nikabu, wanavyuoni wetu walimpa mtawala akitumie kuivalisha. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Anayefurahi mtawala anapolazimisha stara kwa jina la maslahi hana pa kushika mtawala anapoikataza kwa jina hilo hilo, ila ashike jambo moja: kwamba maslahi yathibitishwe na yasidaiwe tu kwa mdomo.

Na kwa mizani hiyo hukumu ya 1996 ni nyepesi. Ni maslahi gani hasa? Mwalimu amjue mwanafunzi wake, asiingie mtu mwingine shuleni wala kwenye chumba cha mtihani. Hilo ni hitaji la kweli, na hakuna anayelipinga. Lakini linatekelezeka kwa mwalimu wa kike kuutazama uso wa binti pale mlangoni, dakika moja, kila asubuhi. Dharura hupimwa kwa kadiri yake, na haja vile vile. Mahakama haikuuliza kama iko njia nyepesi zaidi. Ilikwenda kwenye kile kivuli cheusi. Hayo ni maneno ya ladha, hayana dalili ndani yake. (Zanzibar ya masultani mabibi wa nasaba walivaa barakoa usoni, wala hatujasikia aliyewaona vivuli. Jina hilo siku hizi, baada ya korona, limekuwa la kitambaa cha puani na mdomoni ambacho serikali nyingi zilikilazimisha mwaka 2020.)

Liko jambo jingine ndani ya amri ile ambalo limetushangaza, na wahakiki wachache hulitaja. Mlezi alipewa neno katika ushungi: bila ya yeye kuridhia au kujua, binti asifunike nywele. Kwenye nikabu hakupewa neno lolote. Basi mzazi ana mamlaka pale serikali inaposhuku kwamba binti amerubuniwa na watu wa nje, na hana mamlaka pale yeye mwenyewe anapotaka zaidi. Mtindo huu haujafa. Misri ilipotangaza upya masharti ya sare mnamo Septemba 2023, iliukataza tena ufunikaji wa uso, ikaacha kufunika nywele kuwa ni hiari, na ikataja tena kwamba mlezi awe na habari ya uchaguzi wa binti yake.

Fiqhi haimpangi mzazi hivyo. Kabla ya baleghe, baba anaamrisha na kuzoesha, kama hadithi ya Sala katika umri wa miaka saba ilivyofundisha. Baada ya baleghe taklifu ni ya binti mwenyewe. Hahitaji idhini ya baba kutekeleza faradhi, na baba hawezi kumwondolea. Baba hubaki mlinzi na mnasihi, na msemaji wake mbele ya wakubwa. Kwa hiyo mzazi anayekwenda mahakamani kwa ajili ya binti wa miaka kumi na mitano, na binti mwenyewe hasikiki popote katika shauri, amekosea kwa Sharia kabla hajakosea kwa kanuni za mahakama. Huko Luton, Uingereza, msichana aliyekuwa amevaa shalwar kameez na mtandio kwa miaka miwili, sare ambayo misikiti ya hapo ilishauriwa na haikuikataa, alifika shuleni Septemba 2002 pamoja na kaka yake akitaka jilbabu ndefu. Alikaa takriban miaka miwili bila shule ya kueleweka. Mahakama ya Rufaa ilimpa haki mwaka 2005, na tarehe 22 Machi 2006 Mabwana wa Sheria wakaitengua. Katika jopo hilo Lady Hale aliuliza swali ambalo lilitakiwa liulizwe kwanza na maimamu: huu ni uchaguzi wa nani? Miaka miwili ya masomo kwa tofauti ya vazi moja la stara na jingine, sisi tunaona ni bei kubwa mno.

Isiolo, Kenya, ni kinyume chake. Huko hakukuwa na nikabu. Kilichoombwa ni mtandio na suruali nyeupe chini ya sketi, katika shule ya serikali iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodist, na hakuna madhehebu yanayokhitalifiana kwamba nywele na miguu ya aliyebaleghe ni vya kusitiriwa. Kanisa ndilo lililokwenda mahakamani, na likashinda Mahakama Kuu mwaka 2015. Mzazi mmoja, aliyeingia kwenye shauri kama mhusika na kuwasilisha dai lake humo humo, alishinda Mahakama ya Rufaa Septemba 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua rufaa ile, Jaji Ojwang akitofautiana na wenzake, kwa sababu dai la mzazi halikuletwa kwa utaratibu unaotakiwa. Kiini cha jambo, kama mtandio ni haki yao au si haki yao, hakikuamuliwa.

Wako waliosema hiyo ni hila. Lakini yeyote aliyesoma mlango wa Da'awa wal-Bayyinat anajua kwamba kadhi wetu naye haisikilizi da'awa isiyotimiza masharti yake, hata mdai awe mkweli. Da'awa ya namna hiyo Kenya huanzia Mahakama Kuu, katika hati inayojitegemea: itaje nguo hasa inayodaiwa, rangi yake na urefu wake, ionyeshe kwamba shule iliombwa kwa barua kabla ya kushitakiwa, na ilijibu nini, na kauli ya binti mwenyewe iwemo, kwa maneno yake.