Uvumilivu Wenye Manung'uniko

Tuchukue sentensi hii: "Mandela put up with prison for 27 years." Kisarufi haina kasoro, na hesabu ni sahihi: alikamatwa 1962, akaachiwa 1990. Hata hivyo, Mwingereza akiisoma atakunja uso. Sentensi imemgeuza Mandela mpangaji aliyechoshwa na redio ya jirani.

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba put up with ni kuvumilia, basi. Lakini vumilia yetu haichagui mzigo. Mbu huvumiliwa, deni huvumiliwa, uchungu wa kuzaa nao huvumiliwa. Put up with huchagua. Kazi yake ni kero: foleni, mkoromo wa mwenzako, bosi anayefoka, umeme unaokatika kila jioni. Tena ndani yake mna lawama. Anayeitumia anakujulisha kwamba ana haki ya kulalamika, na kwamba kama amenyamaza, amejizuia tu. Ndiyo maana mara nyingi utaikuta imetanguliwa na can't, won't au have to. Mateso ya gerezani yanataka endure, kitenzi kizito kilichoingia Kiingereza kupitia Kifaransa. Ofisa anayeandika barua rasmi kuhusu utovu wa nidhamu ataona tolerate inamfaa zaidi.

Ujenzi wake ndio unaotutatiza. Kiswahili kikitaka maana mpya hunyambua kitenzi chenyewe: vumilia, vumiliana, vumilika. Kiingereza hapa kimekiacha kitenzi kama kilivyo, kikakipangia vijineno viwili nyuma. Put ni weka, up ni juu, with ni pamoja na. Jumlisha utakavyo, uvumilivu hautoki. Hakuna njia ya mkato, lazima vyote vitatu vikaririwe kama neno moja.

Na usidharau hiyo with. "I can't put you up" maana yake sina pa kukulaza. "I can't put up with you" maana yake umenichosha. Mtu aliyeomba hifadhi ya usiku mmoja ana kila sababu ya kusikiliza kwa makini ameambiwa lipi.

Tazama pia alipokaa you. Katika sentensi ya kwanza amejipenyeza katikati, kwa kuwa put up ya kulaza wageni hukubali kupasuliwa. Put up with haipasuki: "put it up with" ni kosa, na shamirisho halina nafasi kati ya put na with. Shamirisho likihamishiwa mwanzoni, kama katika "the noise we put up with", with hubaki inaning'inia mwishoni peke yake. Walimu wa zamani waliokataza sentensi kuishia na kihusishi walikwama hapo. Upo mzaha maarufu unaowacheka, "up with which I will not put", ambao wengi humbandikia Winston Churchill ingawa hakuna uthibitisho kwamba aliusema. Yeyote aliyeutunga alikijua Kiingereza barabara: aliitii kanuni, sentensi ikavunjika.

Katika matamshi, mkazo huangukia up. Kuhusu njeo, put haibadiliki, hivyo "they put up with it" yaweza kuwa jana au kila siku; muktadha ndio utakaoamua.

Yapo matumizi mamoja ya adabu ambayo vitabu vya shule huyaruka. Mgeni akiaga baada ya wiki nzima husema, "Thank you for putting up with me." Lawama ile ile ameigeuzia kwake: anajifanya yeye ndiye kero, ili mwenyeji apate nafasi ya kukana. Mwenyeji na akane upesi, aseme haikuwa tabu hata kidogo. Akiitika kwa "Yes, we put up with you", hata kama anacheka, asishangae mwaka ujao asipobishiwa hodi.