Kifo Kilichofutwa: Suala la Tamati katika Toleo Lililopanuliwa la Fallout 3

Tamati ya masimulizi si kituo tu cha matukio. Ndiyo inayoyapa matukio yaliyotangulia uzito wake. Kwa hiyo, mtunzi anapoirudia kazi ambayo hadhira imekwisha kuipokea na kuibadili tamati yake, huwa ameigusa kazi nzima. Suala hili linajitokeza bayana katika Fallout 3, mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mnamo Oktoba 2008. Toleo lake lililopanuliwa, Game of the Year Edition, lilitoka Oktoba 2009 likiwa na nyongeza tano. Makala haya yanashughulikia moja tu kati ya hizo, Broken Steel, iliyokuwa imetolewa peke yake mwezi Mei mwaka huo, kwa kuwa ndiyo iliyoifuta tamati ya awali.

Mandhari ya mchezo ni magofu ya Washington mwaka 2277, miaka 200 baada ya vita vya nyuklia. Mhusika mkuu, anayeongozwa na mchezaji, anatoka katika handaki la Vault 101 kumtafuta babake, James, mwanasayansi aliyejitolea kuyasafisha maji yaliyoharibiwa na mionzi. Mtambo wa kazi hiyo umejengwa katika jumba la kumbukumbu la Jefferson. James anafia ndani yake, baada ya kukijaza chumba mionzi makusudi ili jeshi la Enclave lisiuteke mradi. Katika toleo la awali, mwanawe huishia kwenye chumba cha kuuendeshea mtambo uo huo. Akiingia, hubonyeza tarakimu 2-1-6, zinazorejelea Ufunuo 21:6, aya aliyoipenda marehemu mamake. Maji husafika, naye hufa, na mchezo hukoma hapo.

Kimuundo, tamati hiyo ina mantiki yake. Kifo cha mwana kinakuwa mwangwi wa kifo cha baba, na ile aya ya mama inageuka kuwa ufunguo wa uhai wa jamii nzima. Hata hivyo, ilipingwa vikali na wachezaji. Ni rahisi kudai kwamba walipinga kwa kuwa hawakutaka shujaa wao afe, au kwa kuwa walitaka kuendelea kucheza. Madai hayo yana ukweli kiasi, lakini hayafiki kwenye kiini cha kasoro.

Kiini ni Fawkes. Huyu ni mhusika aliyegeuzwa jitu kwa virusi, na mionzi haimdhuru. Mapema katika msuko, ndiye anayeingia katika chumba kilichojaa mionzi cha Vault 87 na kumtolea shujaa kifaa kinachohitajika na mtambo. Lakini anapoombwa aingie katika chumba cha mwisho, anakataa kwa hoja kwamba hiyo ni ajali ya shujaa mwenyewe. Tangu Aristotle, uhakiki umesisitiza kwamba tanzia hutokana na ulazima au uwezekano wa matukio. Hapa ulazima haupo. Kuna amri ya mtunzi iliyovishwa vazi la majaaliwa.

Ulinganisho na Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, unaiweka wazi tofauti hiyo. Liyongo hufa kwa sindano ya shaba ya kitovuni, na siri ya sindano hiyo imekwisha kutajwa kabla ya kutumika. Hadhira huomboleza, lakini haiwezi kudai kwamba palikuwa na njia nyingine. Utendi ulipanda mbegu ya kifo. Fallout 3 ilipanda mbegu ya wokovu, kisha ikakataa kuivuna.

Broken Steel inajibu lawama kwa njia mbili. Kwanza, Fawkes na wenzake wasiodhurika kwa mionzi sasa hukubali kuingia. Pili, hata shujaa akiingia mwenyewe, huzinduka baada ya wiki mbili akiwa hai. Jibu la kwanza linatengeneza kasoro. La pili linaifuta gharama ambayo msuko mzima uliiandaa. Tena, mshono wa marekebisho unaonekana: mchezaji akimtuma Fawkes, sauti ya msimulizi bado humsuta kwa woga, kana kwamba busara ya kumtuma asiyeweza kudhurika ni usaliti. Tukio limebadilishwa, ila hukumu ya kimaadili imeachwa ilivyokuwa.

Hata hivyo, nyongeza hii isipuuzwe. Toleo la awali lilimalizika pale maji yaliposafika, kana kwamba kusafika kwake ndio mwisho wa dhiki. Toleo lililopanuliwa linauliza nani atayagawa. Misafara ya maji hushambuliwa njiani, ombaomba hubaki na kiu, na kundi la kidini huyafanya maji kuwa nyenzo ya kuwavutia waumini. Iwapo mchezaji alikuwa ametia virusi mtamboni, wanaokunywa huugua. Maji yanaacha kuwa ishara na kuwa mali inayogombewa, na dhamira ya kazi inapata kina cha kijamii iliyokikosa.

Kwa bahati mbaya, dhamira hiyo imesukumwa pembeni. Uti wa mgongo wa nyongeza ni vita dhidi ya mabaki ya Enclave, vinavyofikia kilele katika kambi ya anga ya Adams, ambako mchezaji huchagua ngome ipi iteketezwe kwa makombora kutoka angani. Kati ya swali la ugavi na mlio wa silaha, mlio umepewa nafasi kubwa zaidi.

Hivyo basi, kosa la toleo la awali halikuwa kumuua shujaa, bali kumuua bila kumfungia mlango mwingine. Ingetosha Fawkes asiwepo, au azuiwe kwa sababu inayoaminika. Na kama shujaa ilibidi aishi, basi uhai wake ungelipiwa mahali pengine: kwenye foleni ya wenye kiu, ambako toleo lililopanuliwa lilifika, likachungulia, kisha likarudi vitani.